MDUDU ANAYEPANDA LORI BILA NAULI

Ndugu mkulima, leo twende mbali kidogo, mpaka Marekani, kwenye milima ya Appalachia. Huko kuna barabara kuu ya lami iitwayo Interstate 81. Inaanzia Jimbo la Tennessee upande wa kusini, inapita katika majimbo sita, na kuishia kwenye mpaka wa Kanada huko kaskazini. Urefu wake ni kilometa 1,376 hivi. Utaniuliza, barabara ya Wamarekani inanihusu nini mimi na jembe langu? Ngoja kidogo.

Barabara hiyo haipandi vilele vya milima. Kwa sehemu kubwa inafuata bonde refu lililolala katikati ya safu za milima, njia ile ile waliyopita watu wa karne ya 18 kutoka Philadelphia, na mikokoteni yao, wakitafuta ardhi ya kulima. Sheria ya kujenga barabara kuu za namna hii ilitiwa sahihi na Rais Eisenhower mwaka 1956. Madereva wa malori wanaipenda kwa sababu inaepuka miji mikubwa ya pwani yenye msongamano. Basi, usiku na mchana ni malori tu.

Bonde hilo ni la wakulima pia. Karibu na mji wa Winchester, Virginia, kuna mashamba ya matofaa, na kusini zaidi wanafuga kuku na batamzinga. Barabara imewaletea soko. Lakini lori halichagui abiria.

Mwaka 2014, katika wilaya ya Berks, Jimbo la Pennsylvania, alionekana mdudu mgeni kutoka Asia. Wataalamu humwita Lycorma delicatula. Ana urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi, mabawa yenye madoadoa meusi, na hufyonza utomvu wa mizabibu na miti mingi mingine. Tena hutoa majimaji matamu, na juu yake huota ukungu mweusi unaochafua majani na matunda. Kwa mabawa yake hafiki mbali. Ujanja wake ni mayai. Jike hutaga mayai 30 mpaka 50 mahali pamoja na kuyafunika kwa kitu kama tope lililokauka. Hutaga popote: kwenye mti, jiwe, mbao, hata chuma cha gari. Mayai hukaa hivyo majira yote ya baridi, na dereva hajui kitu.

Januari 2018 mdudu huyo akagunduliwa wilaya ya Frederick, pale pale Winchester, kando ya Interstate 81. Mwaka 2019 Virginia ikaweka karantini: wafanyabiashara waliotoa mizigo eneo hilo walitakiwa kuwa na kibali na kukagua magari yao. Hata hivyo mdudu aliendelea kusambaa. Mti wa ailanthus, ambao anaupenda mno, huota wenyewe kando ya barabara. Ni kama hoteli njiani!

Sasa turudi nyumbani. Sisi tunaye dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kujulikana Tabora mwaka 1981. Naye alisambaa na mahindi yaliyokuwa yakisafirishwa. Dumuzi hutoboa hata mbao, kwa hiyo anaweza kujificha kwenye bodi la lori au nguzo za ghala.

Basi, ukinunua mahindi ya mbali, yamwage kwanza kwenye turubai nje, usiyaingize ghalani moja kwa moja. Tazama kama kuna unga unga na mashimo. Magunia yaliyokwisha kutumika yageuze ndani nje, yakung'ute mbali na nyumba, kisha yachovye katika maji yanayochemka na kuyaanika. Mahindi yako pukuchua mapema, yakaushe vizuri, uyachanganye na dawa ya unga kwa kipimo alichokuonyesha bwana shamba. Na ukimkuta dumuzi ndani ya gunia, gunia hilo lisiondoke hapo kwenda sokoni wala kwa jirani mpaka bwana shamba amelitazama.