Kompaila ya Kivinjarini na Ufundishaji wa Uprogramu katika Mwambao wa Tanganyika: Mtazamo kutoka Magara, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza utendaji wa kompaila ya kivinjarini, yaani huduma inayomwezesha mtumiaji kuandika na kuendesha msimbo wa lugha nyingi za uprogramu bila kusakinisha kila lugha katika kompyuta yake. Miundo miwili ya huduma hiyo inabainishwa na kupimwa kwa mazingira ya Magara. Hoja kuu ni kwamba mahali msimbo unapoendeshwa ndipo panapoamua nani atajifunza na nani ataachwa nje.

1.0 Utangulizi

Magara iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara ya RN3, kati ya Bujumbura na mji wa Rumonge. Mwambao huu unajulikana kwa dagaa, mgebuka na mawese, na Kiswahili husikika sokoni sambamba na Kirundi. Kwa desturi, anayejifunza Python, C na Java husakinisha kompaila au kifasiri cha kila lugha. Kazi hiyo hudai kompyuta yenye nafasi, upakuaji mkubwa na fundi wa karibu. Katika nchi ambamo wananchi walio wengi hawajafikiwa na umeme, masharti hayo ni mazito.

2.0 Miundo Miwili ya Utendaji

Katika muundo wa kwanza, unaotumiwa na Ideone na Judge0, kivinjari hutuma msimbo kwenye seva. Seva huchagua kompaila ya lugha husika, huendesha msimbo katika eneo lililotengwa lenye kikomo cha muda na kumbukumbu, kisha hurudisha matokeo au ujumbe wa kosa. Kikomo hicho ni cha lazima, kwa kuwa kitanzi kisicho na mwisho cha mwanafunzi mmoja kingeweza kuilemea seva inayotegemewa na wote.

Katika muundo wa pili, msimbo huendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe. Msingi wake ni WebAssembly, teknolojia iliyopitishwa na W3C kuwa kiwango rasmi mwaka 2019. Mfano wake ni Pyodide, mradi ulioanzia Mozilla mwaka 2018, unaoleta kifasiri cha Python katika kivinjari.

3.0 Tathmini kwa Mazingira ya Magara

Tuchukue mwanafunzi anayeandika msimbo wa mistari 10 wa kukokotoa bei ya dagaa kwa kilo. Matini hayo hayafiki kilobaiti 1. Kwa hiyo, muundo wa seva hutumia data kidogo kwa kila jaribio, na hata simu ya bei nafuu hutosha. Udhaifu wake ni kwamba kila jaribio hutegemea mtandao. Mwanagenzi hukosea na kurudia mara nyingi. Mtandao ukikatika, somo nalo hukatika.

Muundo wa pili hugeuza gharama hiyo. Mwanzoni hupakuliwa megabaiti kadhaa, lakini ukurasa ulioandaliwa kuhifadhi faili zake huweza kufanya kazi hata mtandao unapokosekana. Hata hivyo, kila lugha inayoongezwa huja na mzigo wake, na kazi yote hubebwa na kifaa cha mwanafunzi.

Ipo njia ya kati. Judge0, inayohudumia lugha zaidi ya 60, ina msimbo ulio wazi. Hivyo shule inaweza kuiweka katika seva yake na kuifikia kwa mtandao wa ndani, bila kulipia intaneti kwa kila jaribio. Bado umeme na mtu wa kuitunza seva huhitajika.

Kikwazo kingine ni lugha. Shule za msingi za Burundi hufundisha Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, ilhali ujumbe wa makosa wa kompaila nyingi huja kwa Kiingereza pekee. Mwanafunzi huweza kuielewa hesabu, akashindwa kuelewa kosa lake.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kompaila ya kivinjarini hupunguza gharama ya kuanza, lakini haiondoi hitaji la umeme, mtandao na lugha inayoeleweka. Inapendekezwa kwamba watunga sera wapime kwanza uthabiti wa mtandao wa shule kabla ya kuchagua muundo. Wapendelee programu zenye msimbo wazi zinazoweza kuwekwa shuleni. Na wataalamu wa Kiswahili waandae fasiri sanifu za ujumbe wa makosa ya kawaida. Jukumu hili la mwisho halisubiri nguzo ya umeme wala mnara wa simu. Linaweza kuanza sasa.