Je, Wajua? Amplifaya na radi za Gusii

Wapo wanaoamini kwamba amplifaya ikiachwa imewashwa usiku na mchana hudumu zaidi, eti kuwashwa na kuzimwa ndiko kunakoichosha. Kuna chembe ya ukweli: joto likipanda na kushuka kila siku hulegeza lehemu. Lakini joto la kudumu nalo hukausha kapasita zenye majimaji ndani. Likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hizo hupungua kwa nusu hivi. Na amplifaya inayokula wati 40 ikiwa kimya humaliza karibu yuniti 29 za umeme kwa mwezi. Tokeni hizo!

Kisii na Nyamira, yaani Gusii, kuna hoja nzito zaidi ya kutoiacha imewashwa. Vilima hivi vilivyo karibu na Ziwa Victoria hupigwa radi mara kwa mara, hasa alasiri mvua ikianza. Kuzima swichi hakutoshi: radi iliyovuka kilomita za hewa haizuiliwi na mwanya wa milimita chache. Chomoa plagi kwenye soketi mawingu yakianza kujikusanya, na waya wa antena pia. Mvua ikipita, washa mikisa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie, ili spika zisipige ule mshindo unaoweza kuchana koni.