KUTOKA SIMU HADI TELEVISHENI BILA WAYA: NANI ANALIPA?



Mfanyakazi wa Rohero, Bujumbura, mwenye filamu ya semina ya chama ndani ya simu, aweza kuionyesha jamaa yake katika televisheni bila waya. Je, kifurushi chake cha intaneti kitaliwa? Jibu linategemea filamu inatoka wapi.

Kwanza, kama filamu imekwisha kuhifadhiwa ndani ya simu, na simu na televisheni zimeunganishwa na ruta moja ya Wi-Fi, mawimbi hutoka simuni, hupita rutani, huingia katika televisheni. Hayatoki nje ya nyumba. Kifurushi hakiguswi. Mitambo yenye Miracast, iliyoanza mwaka 2012, haihitaji hata ruta.

Pili, kama filamu iko YouTube na unatumia Chromecast, iliyotokea mwaka 2013, simu hutoa amri tu. Televisheni yenyewe huivuta filamu kutoka intaneti, na kila dakika hula kifurushi.

Tatu, kwa sauti peke yake Bluetooth yatosha, umbali wa mita 10 hivi.

Basi, ndugu, filamu ya semina ipakuliwe mara moja, itazamwe na wengi. Faranga ya jasho isilipie kitu kimoja mara mbili.