Mzee anaanza kuchanganya mambo? Angalieni kwanza mfuko wake wa dawa

Hapa Lubumbashi, mzee akianza kusahau majina ya wajukuu ao kusema maneno yasiyoungana, jamaa inagawanyika. Wengine wanasema ni uzee tu. Wengine wananong'ona juu ya uloji. Ni wachache wanauliza: mzee anakunywa dawa gani?

Swali hilo ni la maana, juu dawa nyingi za kawaida zinaweza kuvuruga akili ya mtu mwenye miaka 65 na zaidi. Tangu 1991, munganga Mark Beers wa Marekani alitoa orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee, na orodha hiyo ingali inatumiwa mpaka leo.

Sababu ni gani?

Mtu akizeeka, mafigo na ini vinafanya kazi polepole, na dawa inakawia mwilini. Diazepamu, ile ya usingizi wengi wanaita Valium, inaweza kukaa siku nyingi. Akikunywa kila jioni, ya leo inajiongeza juu ya ile ya jana. Mchana anasinzia, anasahau, anaanguka.

Prometazini na klorfeniramini, za mafua na kujikuna, pamoja na amitriptilini, zinazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unatumia ili kushika kumbukumbu. Tramadoli ya maumivu nayo inaweza kuchanganya mzee.

Dawa za sukari, kama glibenklamidi, ni hatari mzee asipokula. Sukari inashuka sana, anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mumpe kinywaji chenye sukari, kisha mumpeleke hospitali mbio.

Tufanye nini?

Kusanyeni dawa zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za farmasi ya kartie, zile jirani alitoa, sirop, na dawa za miti. Mara nyingine vidonge viwili vyenye majina tofauti ni dawa moja, na mzee anakunywa mara mbili bila kujua. Pelekeni mfuko kwa munganga ao muuguzi. Mwambieni dawa ilianza siku gani na akili ilianza kubadilika siku gani.

Lakini musikatishe dawa ninyi wenyewe. Kuacha diazepamu ao fenobarbitali gafula kunaweza kuleta kifafa.

Si kila kuchanganyikiwa kunatoka kwa dawa. Ugonjwa wa kusahau wa uzee unakuja polepole, kwa miezi na miaka. Ikiwa akili imebadilika ndani ya saa ao siku chache, inaweza kuwa dawa, malaria, maambukizi ao damu kukwama katika ubongo. Mumpeleke siku ileile.

Mara nyingi, munganga akibadilisha dawa ao akipunguza kipimo, akili ya mzee inarudi. Mama aliyefukuzwa nyumbani kwa kuitwa muloji hapati nafasi hiyo.