Sekunde 0.20 na Miaka Minane: Hesabu ya Dhahabu ya Burundi

Tarehe 3 Agosti 1996, mjini Atlanta, Vénuste Niyongabo alimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Mkenya Paul Bitok alimfuata kwa 13:08.16. Kati yao ilipita sekunde 0.20, na kwa mwendo wa wastani wa mbio ile hiyo ni kama mita moja na robo. Kwa umbali huo Burundi, iliyokuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, ilipata dhahabu.

Ukitaka kupima uzito wake, tazama majirani. Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Rwanda haina hata moja. Kongo, pamoja na ukubwa wake wote, nayo haina. Burundi, nchi ya kilomita za mraba 27,834, iliyokuwa na watu takriban milioni 6 mwaka ule, inayo ya dhahabu.

Na ilikuja katika wiki mbaya kuliko zote. Tarehe 25 Julai jeshi lilimrudisha Pierre Buyoya madarakani kwa mapinduzi. Tarehe 31 Julai viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Siku tatu baadaye kijana wa miaka 22 kutoka vilima vya Makamba akapandishiwa bendera mbele ya dunia nzima. Nchi ilikuwa inafungiwa mipaka, na jina lake ndilo lililokuwa likitangazwa uwanjani.

Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Kwa muda wa Niyongabo, kila mzunguko ulimchukua sekunde 63, sawa na kilomita 22.8 kwa saa. Waendesha baiskeli za abiria wa Bujumbura wanaijua kasi hiyo kwenye mteremko. Kwenye tambarare, dakika 13 bila kupunguza, ni wachache wangeiweza. Lakini mita 5,000 hazikuwa mbio yake. Niyongabo alikuwa mtu wa mita 1,500. Mwaka 1995 alitwaa shaba ya dunia mjini Göteborg katika umbali huo, na mwaka 1997 huko Brussels aliukimbia kwa 3:29.18, yaani kama sekunde 56 kwa mzunguko. Atlanta aliiacha mbio aliyoizoea, akachukua iliyo ndefu zaidi ya mara tatu, tena yenye mchujo, nusu fainali na fainali: mita 15,000 za ushindani ndani ya siku chache.

Sababu ina jina: Dieudonné Kwizera. Michezo ya Seoul 1988 ilipofika, Kwizera alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha kimataifa, lakini Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, kwa hiyo hakukimbia. Barcelona 1992 ikapita vilevile. Kamati ilipata kutambuliwa mwaka 1993. Kufikia Atlanta Kwizera alikuwa na miaka 29, na Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1,500. Kwizera hakufika fainali. Alikimbia Olimpiki, basi, miaka minane baada ya ile ambayo ingekuwa ya kwanza kwake.

Mimi naona hapo ndipo gharama halisi ya medali hii ilipo. Watu husema riadha ni mchezo wa maskini, ukiwa na miguu umemaliza. Miguu Burundi ilikuwa nayo. Huko Göteborg pekee, mwaka 1995, iliondoka na medali mbili, kwani Arthémon Hatungimana alichukua fedha ya mita 800. Aloÿs Nizigama akawa wa nne katika mita 10,000 za Atlanta. Kilichokosekana ni karatasi, yaani barua ya kuitambua kamati, na bei ya karatasi hiyo aliilipa mtu mmoja kwa miaka yake bora. Mkimbiaji wa masafa ya kati huwa kileleni kwa miaka sita au saba hivi. Kumnyima minane ni kumnyima yote.

Wakenya nao hukosa nafasi, ila kwa sababu iliyo kinyume. Kila nchi hupeleka wakimbiaji watatu tu kwa mbio moja, na foleni ya Eldoret ni ndefu mno. Ndiyo maana Paul Kipkosgei Kemboi alihamia Uturuki, akawa Polat Kemboi Arıkan, na akaishindia nchi hiyo ubingwa wa Ulaya wa mita 10,000 mwaka 2012 na tena 2016. Yeye alibadili bendera akapata mlango. Niyongabo aliweka makazi Italia, lakini mbio zake zote kubwa alizikimbia chini ya bendera ya Burundi.

Na fedha? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haimlipi bingwa hata senti. Mashindano ya dunia yalianza kutoa fedha taslimu mwaka 1997. Mwaka 1995 mshindi alipewa gari la Mercedes, na mwenye shaba hakupewa gari. Kwa hiyo medali mbili kubwa za maisha ya Niyongabo, shaba ya Göteborg na dhahabu ya Atlanta, hazikuwa na zawadi ya fedha kutoka kwa waandaaji. Shirikisho la riadha la dunia lilianza kulipa dola 50,000 kwa dhahabu ya Olimpiki huko Paris 2024, miaka 28 baada yake. Majeraha yalikuwa yamezifupisha mbio za Niyongabo zamani. Alionekana mara ya mwisho kwenye Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, akatolewa kwenye mchujo, kabla hajafikisha miaka 27.

Burundi ilisubiri miaka 20. Olimpiki nne zilipita bila medali, na ndani ya miaka hiyo kulikuwa na vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Kisha, Rio 2016, Francine Niyonsaba wa Ruyigi akachukua fedha ya mita 800 kwa 1:56.49.

Hesabu yake ya fedha ni rahisi kuifuata, kwa sababu viwango vilitangazwa. Ubingwa wa dunia wa ndani mwaka 2016 ulilipa dola 40,000, na wa 2018 kiasi kilekile. Medali ya fedha ya dunia ya London 2017 ililipa 30,000. Fainali ya Diamond League ya mita 5,000 huko Zürich mwaka 2021 ililipa 30,000. Jumla ni 140,000, kabla ya kodi na kabla ya wakala, ambaye kwa kawaida huchukua asilimia 15, yaani 21,000. Rio ililipa sifuri. Katika nchi ambayo pato la mtu kwa mwaka miaka ile halikufika dola 300, hizi ni fedha nyingi. Kwa miaka mitano ya kulipia kocha, kambi, tabibu na safari, zinaisha upesi.

Kisha sheria ikamfuata. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu wanariadha wa kike wenye kiwango cha juu cha homoni ya testosteroni zilimfungia mbio za kuanzia mita 400 hadi maili. Akahamia masafa marefu, jambo ambalo wakimbiaji wachache sana wa mita 800 wamewahi kulifanya kwa mafanikio: wa tano katika mita 10,000 za Tokyo, na tarehe 14 Septemba 2021 huko Zagreb, rekodi ya dunia ya mita 2,000, dakika 5 na sekunde 21.56. Machi 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote, na kikomo cha homoni hiyo kikashushwa kutoka nanomoli 5 kwa lita hadi 2.5. Julai 2024 Mwaustralia Jessica Hull aliivunja rekodi ile kwa sekunde 1.86. Niyonsaba alikuwa na miaka 31.