Dakika Chache za Jua Ufipani

Mvua za kwanza zinaposhuka Ufipa mwezi Novemba na ndege wakaanza kusuka viota, ni rahisi kusema mvua ndiyo iliyowaita. Kuna ukweli hapo: mwaka 1957 A. J. Marshall na H. J. Disney walichapisha jaribio juu ya kwelea kwelea wa Tanganyika, wakaonyesha kwamba mvua na nyasi mbichi huwachochea kujenga. Lakini korodani za ndege hazikui usiku mmoja. Msimu wa kuzaa ukipita husinyaa mno, na kuzikuza tena huchukua majuma. Mwili ungengoja tone la kwanza ndipo uanze, makinda wangechelewa mbegu changa na wadudu wanaowalisha. Kuna kitu kinachotangulia, nacho ni mwanga. Hupenya manyoya na fuvu, ukazifikia chembe zinazouhisi ndani ya ubongo wenyewe. Siku zikirefuka, ubongo huiagiza tezi ya pituitari imwage homoni kwenye damu, na homoni hizo huamsha korodani na ovari. Mfugaji anayewawashia taa kuku wa mayai jioni anatumia njia hiyohiyo.

Mtu atapinga: hayo ni ya London, ambako siku ndefu kabisa huizidi fupi kwa zaidi ya saa 8. Sumbawanga iko kama nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na tofauti haifiki hata saa moja. Pingamizi hili ni zito, lakini Panama, nyuzi 9 kaskazini, imelijibu. Mwaka 1998 Michaela Hau na wenzake waliwaongezea ndege wa msituni dakika 17 tu za mwanga, na korodani zao zikakua. Tena kwelea kwelea ana kalenda yake mwilini: mwaka 1964 Brian Lofts alichapisha ushahidi kwamba madume waliowekwa katika mwanga wa saa 12 kila siku, bila badiliko, bado korodani zao zilikua na kusinyaa kwa zamu. Naona basi kwamba kalenda hiyo huutayarisha mwili, jua huirekebisha, na mvua huwakuta ndege wakiwa tayari.

Kwa wakulima wa Bonde la Rukwa, ambao kwelea kwelea huwamalizia nafaka, jambo hili lina kazi. Homoni zikipanda, mdomo wa jike huacha wekundu ukawa njano. Wanaofuatilia makundi wangeanza kukagua midomo kabla ya mvua, badala ya kusubiri kuhesabu viota.