Mto Uliokauka ni Mali ya Nani?

Katika kipindi cha leo tutazungumza juu ya jambo linalomgusa kila anayelima kando ya mto. Ile ardhi ya mchanga na kokoto ambayo maji hupita juu yake, ni mali ya nani? Tutaiita sakafu ya mto. Maji yakiwapo, watu hawaigombei sana. Lakini mto ukikauka, sakafu yake hufanana na shamba, na kila mtu huitamani.

Mfano wetu tutauchukua mbali, katika jimbo la Arizona, nchini Marekani. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ni kame, na kusini kuna jangwa. Mto Gila hupita humo kwa safari ya kilometa zaidi ya 1,000, ukapokea maji ya mto Salt, kisha ukaingia katika mto mkubwa wa Colorado karibu na mji wa Yuma. Siku hizi sehemu ndefu za Gila na Salt huwa mchanga mtupu, isipokuwa wakati wa mafuriko au maji yanapofunguliwa kutoka bwawani.

Sasa sikilizeni sheria ya huko. Jimbo linapoingia katika muungano wa Marekani, sakafu ya kila mto unaopitika kwa vyombo huwa mali ya jimbo, kwa faida ya watu wote. Mto usiopitika, sakafu yake hubaki kwa serikali kuu, au kwa wale waliopewa ardhi hiyo na serikali kuu. Arizona iliingia tarehe 14 Februari 1912. Basi swali ni hili: siku ile, mto ulikuwa unapitika au haupitiki?

Mtauliza, kupitika maana yake nini? Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza katika karne ya 19, katika kesi ya meli iliyoitwa Daniel Ball. Ilisema kwamba mto unapitika ikiwa unatumika, au unaweza kutumika katika hali yake ya kawaida, kama njia ya safari na biashara.

Kwa mto Colorado hakuna shida. Stima ya kwanza, Uncle Sam, ilipandisha mizigo mpaka Yuma mwaka 1852, na stima nyingine zikafuata kwa miaka zaidi ya 50, mpaka bwawa la Laguna likaziba njia mwaka 1909.

Kwa Gila na Salt mambo ni magumu. Mwezi wa Januari 1847, askari waliokuwa wakienda California chini ya kamanda Philip St. George Cooke waliunganisha mabodi ya magari mawili ya kukokotwa na nyumbu, wakayafanya chelezo, wakapakia chakula na kukiteremsha kwa mto Gila. Chelezo kilikwama kwenye mafungu ya mchanga, na ikabidi mizigo mingi ipakuliwe njiani. Mwaka 1873, mwenye kinu mmoja, Charles Hayden, alijaribu kuteremsha magogo kwa mto Salt kutoka milimani, akashindwa.

Habari kama hizi ndizo zilizopelekwa kwenye mabaraza. Na ajabu yake ni kwamba habari ile ile moja hutumiwa na pande zote mbili. Huyu husema, "Mnaona? Chombo kilielea!" Mwenzake hujibu, "Mnaona? Kilikwama!"

Kuna jambo jingine. Kabla ya mwaka 1912 wakulima walikuwa wamekwisha chimba mifereji ya kumwagilia, na bwawa la Roosevelt katika mto Salt lilimalizika mwaka 1911. Mto ulipopimwa siku ile, maji yake yalikuwa yamekwisha chukuliwa. Je, ni haki kusema haupitiki? Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Arizona ilisema hapana. Mto utazamwe jinsi ulivyokuwa kwa asili yake, kabla ya mabwawa na mifereji.

Msidhani huu ni ubishi wa wasomi tu. Katika sakafu ya Salt, penye mji wa Phoenix, kuna machimbo ya mchanga na kokoto za kujengea, na fedha zake si kidogo. Mwaka 1987 wabunge wa jimbo walipitisha sheria ya kuachilia madai ya jimbo. Kwa mito ya Gila, Salt na Verde, mwenye hati aliweza kuachiwa kwa dola 25 kwa ekari. Mwaka 1991 mahakama iliifuta sheria hiyo, ikisema kwamba jimbo ni mdhamini tu, na mali ya umma haigawiwi bila kuchunguzwa thamani yake. Ndipo ikaundwa tume ya kuchunguza mto mmoja mmoja. Baada ya miaka mingi ya ushahidi, tume iliamua kwamba Gila, Salt na Verde haikuwa mito ya kupitika.

Haya, ndugu mkulima, wewe unapata nini hapo? Hapa Tanzania hatuulizi kama mashua ilipita. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo mto ukikauka au ukihama, usikimbilie kupanda migomba au kujenga katika mchanga wake. Onaneni kwanza na serikali ya kijiji na ofisi ya bonde la maji.

Pia wekeni kumbukumbu. Waulizeni wazee mto ulipita wapi, kina chake kilifika wapi, na ulianza kupungua mwaka gani. Andikeni, mtunze katika ofisi ya kijiji. Wale wa Arizona walilazimika kutafuta habari za chelezo cha mwaka 1847 ili kujua mto wao ulikuwaje. Ninyi wazee wenu bado wapo, waulizeni sasa.

Mpaka kipindi kijacho, nawatakia kilimo chema.